Fukwe za Pangani: Mahali pa Kutembelea, Saa ya Kwenda na Wajibu wa Kuzitunza

Wilaya ya Pangani imejaliwa pwani ndefu, inayoanzia mpakani na Muheza upande wa kaskazini na kushuka hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani upande wa kusini. Wageni husafiri siku nzima, na wengine huvuka bahari, ili kuja kuziona fukwe za pwani hiyo. Mkazi wa kata ya bara, kwa upande wake, aweza kuishi miaka mingi jirani nazo bila kujua ni ipi inayofaa watoto kuogelea, ni ipi inayofikika kwa chombo peke yake, na ni ipi ambayo, saa mbili baada ya kufika, huwa imekwisha kufunikwa na maji.

Makala haya yanaeleza fukwe zinazostahili kutembelewa, kutoka kaskazini kwenda kusini, pamoja na saa na majira yanayofaa, hatari za kuepukwa na matakwa ya sheria. Yanaeleza pia jambo ambalo kila mkazi wa pwani hulijua kwa macho yake, ingawa si rahisi kulikumbuka siku ya mapumziko: ufukwe haukai mahali pamoja daima. Hujengwa, huhama, na ukikosa wa kuutunza hutoweka. Pangani ina mfano wake katika kisiwa cha Maziwe, ambacho habari zake zinafuata hapa chini.

Mchanga hutoka wapi

Kabla ya kutaja mahali, yafaa kueleza ufukwe hujengwaje, kwa kuwa jambo hilo ndilo linaloutofautisha ufukwe mmoja na mwingine. Mchanga wa pwani hii una asili mbili.

Asili ya kwanza ni mto. Mto Pangani hukusanya maji ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupokea mengine kutoka milima ya Pare na Usambara, na baada ya mwendo wa takribani kilomita 500 huingia baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni. Njiani hubeba udongo na mchanga. Mchanga wa mto ni wa rangi ya kahawia au kijivu, na ndio unaoonekana zaidi karibu na mlango wa mto, mahali ambapo maji nayo huwa na tope, hasa wakati wa masika.

Asili ya pili ni miamba ya matumbawe. Mawimbi husaga matumbawe yaliyokufa, makombe na mwani wenye chokaa. Samaki aitwaye pono naye hushiriki kazi hiyo: hukwangua matumbawe kwa meno yake magumu akitafuta mwani, na chokaa aliyoimeza huitoa ikiwa mchanga mweupe laini. Ndiyo maana kadiri mtu anavyouacha mlango wa mto na kuikaribia miamba, ndivyo mchanga unavyozidi kuwa mweupe na maji yanavyozidi kung'aa.

Mchanga huo hautulii. Katika miezi ya kusi mawimbi huusukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi ikishika, husukumwa kuelekea kusini. Ufukwe uliopungua katika majira mamoja huweza kurudishiwa mchanga wake katika majira mengine, mradi mchanga wenyewe uwepo. Ukichotwa kwa ajili ya ujenzi, miamba ikivunjwa kwa baruti, pono wakimalizwa, mikoko ikikatwa, au mto ukipunguziwa mchanga na mabwawa yaliyojengwa huko juu, bahari huendelea kuchukua kama ilivyozoea, lakini hakuna tena cha kurudisha.

Ufukwe wa mji na Mkoma

Mji wa Pangani uko kilomita kama 50 kusini mwa jiji la Tanga. Ufukwe wake, ulio upande wa kaskazini wa mlango wa mto, ndio rahisi kuliko yote kufikiwa na mkazi asiye na usafiri wake. Maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga mgumu, mahali pazuri kwa matembezi ya jioni na mchezo wa mpira. Kwa kuogelea haufai sana kama fukwe nyingine, kwa sababu ya tope la mto na mikondo ya mlangoni.

Mji wenyewe ni sehemu ya safari. Nyumba zake za kale za mawe na milango yake ya nakshi ni kumbukumbu ya karne ambazo Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya bara, ikiwemo ile iliyoleta pembe za ndovu na watu waliouzwa utumwani. Hapa ndipo Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Mzazi anayewaleta watoto ufukweni siku ya Jumamosi aweza kuwaonyesha pia mji, na somo la historia likapata mahali pa kukanyaga.

Ukingo wa bahari mjini umekuwa ukiliwa na mawimbi kwa miaka mingi, na ndiyo sababu ukuta wa kinga ulijengwa. Ukuta huo si mahali pa kuchimba mawe wala pa kutupa taka. Jiwe moja likiondolewa, wimbi hupata pa kuanzia.

Kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya Tanga, upo ufukwe wa Mkoma, ambao ni mtulivu zaidi. Bahari ya upande huu wa kaskazini wa mlango wa mto ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki ya mawe tu, wakiamini kuwa alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipopatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Huishi kwenye kilindi kirefu, na mtembezi wa ufukweni hawezi kumwona. Lakini ni vyema mkazi ajue kuwa bahari anayoitazama kutoka Mkoma ni makazi ya kiumbe huyo.

Ushongo

Anayetoka mjini kwenda Ushongo huvuka mto hadi Bweni, kisha hufuata njia ya kusini kwa kilomita kama 15. Hapa mchanga hubadilika. Ni mweupe, laini na mrefu, umepangwa na minazi, na miamba iliyoko nje hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Kwa familia yenye watoto wadogo, Ushongo ndio ufukwe wa kwanza kufikiriwa.

Ushongo si ufukwe wa mapumziko pekee. Ni kijiji cha wavuvi. Ngalawa na mashua huegeshwa hapo, nyavu huanikwa hapo, na samaki hushushwa hapo asubuhi. Mgeni mwenye adabu huomba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu na vyombo vyao, hapiti juu ya nyavu, na huvaa mavazi ya heshima anapotoka ufukweni na kuingia kijijini. Mwenye kununua samaki kwa mvuvi na chakula kwa mama lishe wa hapo huacha faida mahali alipostarehe.

Ushongo una kazi nyingine inayofanyika usiku. Ni mahali panapopokelewa mayai ya kasa kutoka kisiwa cha Maziwe, na ili kuelewa kwa nini mayai yahamishwe, ni lazima kwanza kukielewa kisiwa chenyewe.

Maziwe, kisiwa kilichopoteza miti yake

Takribani kilomita 8 kutoka pwani ya Pangani, katikati ya bahari, maji yanapokupwa hujitokeza fungu la mchanga mweupe usio na mti hata mmoja. Hilo ndilo Maziwe. Wanaolitembelea kwa mara ya kwanza hushangazwa na weupe wake, na wanaovaa miwani ya kuzamia hushangazwa zaidi na matumbawe na samaki wanaolizunguka. Kwa uzuri wa maji, hakuna mahali pengine katika wilaya panapolingana napo. Maji yanapojaa wakati wa bamvua, fungu lote huzama.

Haikuwa hivyo zamani. Wazee wa pwani wanakikumbuka Maziwe kikiwa kisiwa kamili, chenye mivinje iliyosimama imara na kivuli cha kupumzikia wavuvi. Kilihesabiwa miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa katika pwani ya Tanzania Bara. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha na kisiwa kimekuwa fungu. Waliochunguza habari hiyo wametaja sababu zaidi ya moja zilizoweza kuchangia: kukatwa kwa mivinje, mabadiliko ya mikondo na mawimbi, na kuongezeka kwa kina cha bahari. Iwayo yote, mizizi iliyokuwa ikishika mchanga iliondoka, na mchanga ukafuata.

Kasa hawakupata habari. Kasa jike hurudi kutaga katika eneo la pwani alikozaliwa yeye mwenyewe, na huchukua miongo miwili au zaidi kabla hajakomaa. Hivyo wapo walioangua mayai yao Maziwe kilipokuwa na miti, wakaondoka wakiwa wadogo kama kiganja, na waliporudi wakiwa wazazi hawakukuta kisiwa. Hata hivyo hupanda mchangani usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100, hufukia, na kurudi baharini. Mayai hayo huhitaji takribani siku 60 katika mchanga mkavu wenye joto. Kwenye fungu linalozama kila bamvua, hayawezi kufikisha hata nusu ya siku hizo.

Ndiyo maana kwa miaka mingi wahifadhi kutoka vijiji vya pwani, wakishirikiana na shirika la Sea Sense, wamekuwa wakiyachukua mayai ya Maziwe na kuyafukia upya Ushongo, juu ya mstari wa maji kujaa. Ni kazi ya uangalifu mkubwa. Yai la kasa likigeuzwa saa chache baada ya kutagwa, kiumbe kilichomo huweza kufa. Kina cha shimo nacho si jambo dogo, kwa kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakuwa wa kike au wa kiume: mchanga wenye joto zaidi huleta majike, uliopoa zaidi huleta madume. Mtu asiye na mafunzo hapaswi kugusa kiota hata akiwa na nia njema. Wajibu wake ni kutoa taarifa.

Siku ya kuanguliwa, vitoto vya kasa hujitokeza mchangani na kukimbilia baharini. Huongozwa na mwanga, kwa kuwa kwa kawaida upeo wa bahari usiku huwa na mwanga kuliko nchi kavu yenye miti. Taa kali ya nyumba, kibanda au pikipiki ikiwaka nyuma yao, huigeukia, huelekea nchi kavu, na asubuhi hukutwa wamekaushwa na jua au wameliwa na kaa na kunguru. Kuzima taa ya ufukweni usiku ni msaada usiogharimu shilingi.

Maziwe ni eneo tengefu la bahari, na husimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994. Uvuvi hauruhusiwi humo. Kila anayetembelea hulipa ada ya kiingilio, na wakazi wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango cha chini kuliko wageni wa nje. Msafiri aulize kiwango cha wakati huo kabla ya kuondoka, adai stakabadhi, na ahakikishe kuwa nahodha anajua saa ya maji. Hakuna kivuli huko, hakuna maji ya kunywa, na kila kilichopelekwa ni lazima kirudi nchi kavu.

Kipumbwi, Mkwaja na Madete

Kusini mwa Ushongo pwani huendelea, na wageni hupungua. Kipumbwi ni kijiji cha bandari, ambako vyombo vya kwenda na kutoka Zanzibar hutia nanga. Uzuri wake ni wa kutazama kazi: majahazi yakipakia, mafundi wakiziba nyufa za mbao, samaki wakianikwa. Karibu na mito midogo ya upande huu ipo mikoko. Mikoko ni kitalu cha kamba na samaki wachanga, na mizizi yake hunasa tope ambalo lisiponaswa hufunika matumbawe. Mkazi anayeyaona maji maangavu ya Ushongo na ayakumbuke mashamba ya mikoko ya jirani, kwa kuwa ni sehemu ya sababu.

Mbele zaidi ni Mkwaja, na kutoka hapo huanza eneo la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hifadhi ya taifa ya pekee Tanzania Bara ambako nyika ya wanyamapori hukutana na fukwe za Bahari ya Hindi. Ndani yake umo ufukwe wa Madete, mojawapo ya mazalia ya kasa yaliyosalia katika pwani ya bara. Huko nyayo za binadamu ni chache kuliko za wanyama, na si ajabu kukuta alama za tembo kwenye mchanga. Kwa sababu hiyo haiingiwi bila utaratibu. Mtembezi hupita lango la hifadhi, hulipa kiingilio kwa Shirika la Hifadhi za Taifa na hufuata maelekezo ya askari wa hifadhi. Shule zinazopanga safari ya mafunzo zinashauriwa kuandika barua mapema, kwa kuwa ziara za wanafunzi huwa na utaratibu wake.

Kuchagua saa na majira

Watu wawili waweza kwenda ufukwe mmoja katika wiki moja, mmoja akarudi akisifu na mwingine akilaumu. Mara nyingi tofauti yao ni saa ya maji.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika takribani saa 25, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku chache zinazofuata, ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina katika pwani hii huweza kufika mita 3 au zaidi. Siku za mwezi nusu ni za maji mafu, na tofauti hiyo hupungua.

Pwani hii ina kanuni ambayo mkazi aweza kuikariri bila kitabu. Wakati wa bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa karibu na saa 10 jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni. Hivyo basi:

– Anayetaka kwenda Maziwe au kutazama miamba achague siku za bamvua, aondoke mapema asubuhi, na awe ameliacha fungu kabla ya saa 8 mchana.

– Anayetaka kuogelea Ushongo au Mkoma siku za bamvua aende alasiri. Siku za maji mafu aende asubuhi.

– Anayetaka kutembea kwa miguu kandokando ya bahari afuate maji yanayokupwa, asiyatangulie yanayojaa, hasa mahali penye majabali ambako njia ya kurudi huweza kuzibwa.

Kuhusu majira, kusi huvuma kwa nguvu zaidi kuanzia Juni hadi Septemba. Hewa huwa ya kupendeza lakini bahari huchafuka, na safari za vyombo vidogo huhitaji tahadhari. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, jua likiwa kali. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, kipindi ambacho upepo hulegea na maji hutulia. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla vuli haijakolea, ni wakati mzuri sana wa kwenda Maziwe. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara za udongo na kuleta tope baharini.

Usalama

Asiogelee mtu katika mlango wa mto Pangani. Maji yanapokupwa, mto na bahari hutoka pamoja kwa nguvu isiyoshindika kwa mikono, na sehemu za juu za mto zina mamba. Katika ufukwe wowote, mtu akihisi anavutwa kwenda kilindini asishindane na mkondo kwa kuogelea moja kwa moja kurudi. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani ya mkondo, kisha arudi kwa upande.

Anayetembea kwenye miamba avae viatu, kwa sababu ya nungu bahari wenye miiba myeusi, na aburute miguu mchangani ili taa apate kushtuka na kuondoka. Aliyechomwa na mwiba wa taa hutumbukizwa sehemu iliyoumia katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha hupelekwa kituo cha afya. Watoto wasiachwe bila mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama wao tu.

Chombo kisiwe na watu wala mizigo kupita uwezo wake, na kila abiria awe na jaketi okozi mwilini. Lililofungwa kwenye kona ya chombo halimwokoi mtu. Abiria ana haki ya kuuliza na kukataa kupanda. Ajali ikitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mwenye kiwanja cha pwani anayepanga kujenga ni lazima apate ushauri wa ofisi ya ardhi na ya mazingira kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Kwa kujenga nyuma ya mstari huo huulinda ufukwe, na huilinda pia nyumba yake.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinapiga marufuku uvuvi wa baruti, wa sumu na wa kokoro. Mlipuko mmoja wa baruti huua samaki wa siku moja na kuvunja matumbawe yaliyokua kwa makumi ya miaka. Kasa na mayai yake hulindwa na sheria. Kumchinja, kumuuza au kuokota mayai yake ni kosa. Mikoko ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali. Mchanga wa ufukweni hauchotwi kwa ajili ya kufyatulia matofali. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kasa ni miongoni mwa wanaonufaika, kwa kuwa mfuko unaoelea humwonekania kama yavuyavu, ambaye ni chakula chake.

Nani wa kuambiwa

Vijiji vya pwani vina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, vinavyofahamika kama BMU, ambavyo hufanya doria na kupokea taarifa za uvuvi haramu. Mkazi aliyeona kiota cha kasa, kasa aliyenaswa, mchanga unaochotwa au ukuta wa kinga ulioharibiwa atoe taarifa kwa kikundi hicho, kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtendaji wa kata. Aseme mahali, saa na alichokiona. Kwa kiota, aweke alama ya kijiti hatua chache kando, asiwashe taa, na asisimulie mahali hapo kwa kila mtu.

Vikundi vya vijana, vya akina mama na vya dini vinavyopanga kusafisha ufukwe navyo hufanya vyema kuwasiliana kwanza na ofisi ya kijiji, ili ijulikane taka zitapelekwa wapi. Taka zilizokusanywa na kuachwa kwenye viroba juu ya mchanga hurudi baharini bamvua linalofuata.

Mradi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mto Pangani, unaifungua pwani hii kwa watu wengi kuliko ilivyowahi kuwapokea. Hiyo ni neema kwa muuza samaki, mwenye nyumba ya wageni na nahodha. Ni mzigo pia kwa mchanga, miamba na viota. Maziwe kilipoteza miti yake katika muda usiozidi makuzi ya mtoto mmoja, na wanaokumbuka kivuli chake wangali hai kusimulia. Minazi ya Ushongo bado imesimama, na wakazi wa leo ndio watakaoamua kama wajukuu wao wataikuta.